Maji yalipokwama njiani: bomba la mita 580 na trekta la hospawa 24

Siku ya tatu baada ya kufukia bomba la maji ya ng'ombe, Mwalimu, mwenye shamba, alinipigia simu kabla jua halijachomoza vizuri. Siku hiyo hakuniuliza habari za nyumbani. "Mwanangu, maji yanakuja kama machozi. Hilo trekta lako limeliponda bomba langu huko chini. Njoo na vijana wenye majembe, tulifukue lote."

Lote maana yake mita 580, kina sentimita 45. Nikamwomba anipe mpaka mchana nifike na ndoo tu, bila majembe. Alikubali shingo upande, na sikumlaumu. Wengi wanaoona trekta likipita na jino refu ardhini, huku bomba likimezwa kwa nyuma, hudhani kwamba mashine yenye nguvu kiasi hicho lazima imeharibu kitu.

Shamba lenyewe liko nje kidogo ya mji wa Njombe. Ni ekari 11 za malisho kwenye mteremko, nyasi za Rhodes sehemu ya juu na kikuyu kuelekea bondeni. Ng'ombe ni 14, na wakati ule 9 walikuwa wanakamuliwa. Mwalimu alistaafu akanunua mitamba miwili, wengine wakafuata. Maji yako juu, kwenye tangi la lita 5,000 karibu na zizi, lakini malisho mazuri ya kiangazi yako chini. Kwa hiyo kuanzia Julai ng'ombe walikuwa wakiteremshwa mara mbili kwa siku kunywa kijitoni, na njia ya kwenda kijitoni inapita kandokando ya vinyungu vya majirani, bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi. Aliyeishi huku anajua ng'ombe mmoja akiingia kinyunguni mwezi wa Agosti, wakati maharage na mboga za watu zimesimama, inakuwaje. Juu ya hapo kuna sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi yake ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Mwalimu alichoka kugombana na majirani, na hakutaka siku moja agombane na serikali.

Kulikuwa na hesabu ya maziwa pia. Maziwa ni maji kwa asilimia 87 hivi, na ng'ombe anayekamuliwa hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku kulingana na hali ya hewa na anavyotoa. Ukimnywesha mara mbili tu, tena baada ya kutembea mteremko, hafikishi. Tukaamua hori liwekwe katikati ya malisho ya chini na maji yashuke yenyewe kutoka tangini, bila pampu.

Kosa ambalo tuliliepuka mapema lilikuwa la vipimo. Simu yangu ilisema tofauti ya mwinuko kati ya tangi na hori ni mita 22. Simu hupima vizuri kidogo ukiwa unatafuta barabara, ila kwenye urefu wa kwenda juu na chini inakosea sana. Tukachukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ule wa mafundi ujenzi, tukashuka nao kigingi kwa kigingi kila mita 20. Mwalimu aliandika kila kipimo kwenye daftari la mistari, kwa mwandiko wa ubaoni. Jibu likawa mita 14. Hizo mita 8 zilizopotea zingetupeleka pabaya kwenye ukubwa wa bomba. Na lile daftari, kama utakavyoona, ndilo lililokuja kutuokoa.

Mita 14 za mwinuko ni kama bar 1.4 za msukumo. Bomba jeusi la milimita 25 kwa urefu wa mita 580 na msukumo huo linapitisha lita 13 hivi kwa dakika. La milimita 32 linapitisha karibu 27, na ukiondoa kinachopotea kwenye viungo na koki unabaki na 25. Milimita 7 tu za tofauti na maji yanaongezeka mara mbili, kwa sababu maji yanasuguana na ukuta wa bomba njia nzima. Tulichukua la 32, daraja la bar 10. Kwa msukumo peke yake hata la bar 6 lingetosha sana, lakini nilitaka ukuta mnene kidogo kwa ajili ya mawe. Dukani yalikuwepo maroli ya mita 100, hivyo tukanunua 6, na hiyo ina maana viungo 5 vitakavyokaa chini ya ardhi. Kama ungepata roli la mita 300 ungebaki na kiungo 1. Shika hiyo.

Kwa nini kufukia? Kwenye nchi za baridi kali watu hufukia zaidi ya mita moja ili maji yasigande. Huku kwetu hata Kitulo, ambako asubuhi za Juni nyasi huwa nyeupe kwa barafu, baridi haishuki mbali ardhini. Sisi tunafukia kwa sababu ya jua, kwato, jembe na moto. Bomba jeusi likilala juu ya nyasi hadi saa saba mchana, maji yake hayanyweki, na moto wa Septemba ukipita unaacha mstari wa plastiki iliyoyeyuka. Sentimita 45 zilitutosha, kwa kuwa plau la kufufua malisho halizidi sentimita 25.

Vijana waliokuja kuangalia kazi ya mtaro walitaka kulipwa kwa mita. Mtaro wa upana wa sentimita 30 na kina cha 50 kwa urefu ule ni mita za ujazo 87 za udongo mwekundu, kuchimba na kurudisha, na ukimaliza una kovu la nyasi zilizokufa kuanzia juu hadi chini. Hapo ndipo trekta lilipoingia.

Trekta ni la kijana jirani, dogo la Kijapani lililotumika, hospawa 24, linavuta kwa magurudumu yote manne, uzito wake unazidi tani moja kwa kidogo tu. Nasisitiza uzito kwa sababu watu huuliza hospawa. Kwenye kazi ya kuvuta jino ardhini, injini kwa kawaida ina nguvu ya kutosha, na kinachokosekana ni mshiko wa matairi. Trekta la tani moja likivuta kwa nguvu ya nusu ya uzito wake limejitahidi. Jino moja la sabsoila, chuma cha kupasua ardhi kwa kina, kwenye mfinyanzi, kina cha sentimita 45, linaweza kudai nguvu ya kilo 1,000 na zaidi. Ukilizamisha lote kwa mara moja, matairi yatazunguka palepale na kuchimba mashimo mawili, na dereva ataanza kutukana.

Kwa hiyo tulipita mara tatu kwenye mstari uleule: sentimita 15, kisha 30, kisha 45, mara zote bila bomba. Kila mara jino linakuta njia iliyokwisha kufunguliwa na linadai kidogo zaidi tu. Mbele ya trekta tulifunga pipa la mawe ili pua isinyanyuke. Jino lilikuwa na bolti ya chuma laini, ile inayojitoa mhanga jino likigonga jiwe. Zilikatika 4. Mara ya tatu dereva alitaka kuweka bolti ngumu "ili tusisumbuke", nikamwuliza kama yuko tayari kununua mkono mwingine wa haidroli. Akarudisha ile laini.

Njia hatukuinyoosha tu kama kamba. Tulifuata ua, mita 1 ndani, ili hata baada ya miaka 10 mtu ajue bomba liko wapi. Ni lazima pia ujue kwamba jino likiwa chini trekta halipindi kona kali wala halirudi nyuma, kwa hiyo kona zote zilikuwa za mzunguko mpana. Sehemu moja bomba la jumuiya ya watumia maji ya kijiji linakatiza. Hapo tulinyanyua jino, tukachimba kwa mkono mita 4.

Muda tuliochagua ulikuwa mwisho wa Mei. Februari ungetelezea, na mpasuko ungebaki na kuta zilizolainishwa kama chungu, hazishikani tena. Septemba udongo ule ni tofali. Kipimo changu ni cha mkono: nachukua udongo wa kina cha kiganja na nusu, naubana, kisha nauviringisha kati ya viganja. Ukitoka uzi mrefu kama tambi, nasubiri. Ukivunjikavunjika kabla haujawa uzi, nawasha trekta.

Mpito wa nne ndio wa bomba. Nyuma ya jino tulichomelea bomba la chuma la inchi 2, bomba jeusi linaingia kwa juu na kutokea chini kwenye kisigino cha jino. Mwanzo wa roli unafungwa kwenye kigingi tangini, trekta linaondoka na bomba linabaki limelala. Hiyo ni tofauti na kuliburuta bomba lote ndani ya ardhi, ambako linavutika na kukwaruzika. Fundi wa kuchomelea alituletea kwanza chuma chenye kona ya mraba, kama elbo. Niliingiza kidole ndani nikakuta matone ya uchomeleaji yamegandia kama chunusi. Kwa mita 10 za majaribio bomba lilitoka na mfereji ubavuni wa kuingiza ukucha. Tukamrudishia akapinda chuma taratibu, kwa mkunjo mpana, na akasugua ndani kwa tupa hadi pakawa laini. Bomba la milimita 32 halitaki kupindwa kwa duara lenye nusukipenyo chini ya sentimita 65 hivi.

Kazi ya bomba tuliianza saa tano asubuhi, siku ya jua la kuumiza. Maroli tulikuwa tumeyafungua tangu alfajiri, tumeyalaza marefu juani yalegee, na kweli yalilegea. Msaidizi wangu alilishika bomba akaliachia: "Fundi, hili linaunguza." Nikacheka. Roli moja likiisha tulichimba shimo dogo, tukaunga kwa koplingi ya kubana, tukafukia, tukaweka jiwe lililopakwa chokaa juu yake, tukaendelea. Saa kumi jioni tulikuwa horini. Trekta lilipita tena juu ya mpasuko kwa tairi moja kuufunga, na kila mita 10 tukaweka bonge la udongo na nyasi kukingama, maana mpasuko unaoteremka mlima bila kizuizi, mvua ya Desemba ingeugeuza korongo. Tukafungua koki. Maji yalifika, tukapiga makofi, tukala ugali.

Sasa nirudi kwenye machozi ya Mwalimu.

Nilifika saa sita. Ndoo ya lita 20 chini ya koki ya boya, ile inayojifunga yenyewe hori likijaa, ilijaa kwa dakika 4 kamili. Lita 5 kwa dakika, badala ya 25. Mwalimu alisimama pembeni na daftari kwapani, amenyamaza kama anayesubiri mwanafunzi akiri.

Kitu cha kwanza nilichofanya kilikuwa cha karibu kuliko vyote: niliifungua koki ya boya nikaitoa. Ilikuwa ya nusu inchi, ya kawaida, ile ya matangi ya nyumbani. Ndani yake tundu la maji ni dogo kuliko kalamu, limetengenezwa kwa msukumo mkubwa wa bomba la mjini. Ndoo ikajaa kwa dakika 2 na sekunde 13. Lita 9. Mwalimu akasema, "Umeona? Bado." Alikuwa sahihi, bado.

Nikamwomba daftari. Vipimo vya vigingi vilishuka vizuri hadi cha 9, halafu vikapanda. Kigingi cha 12, mita 240 kutoka tangini, kilikuwa juu ya cha 9 kwa mita 1 na sentimita 70, kisha ardhi inaporomoka moja kwa moja kuelekea bondeni. Kwa macho usingekiona kile kituta, nyasi zimeficha. Bomba linapojazwa mara ya kwanza, maji huvuka kilele na kutiririka upande wa pili kwenye sakafu ya bomba, na hewa inabaki juu yao. Kama maji yanakwenda kasi, yanaikokota hewa na kuitoa. Yetu yalikuwa yamezibwa mdomo na ile koki ya nusu inchi, yakitambaa sentimita 13 kwa sekunde. Hewa ilikaa kwenye mteremko kama mpangaji asiyelipa kodi, na kila mita ya mwinuko iliyojaa hewa ni mita ya msukumo iliyopotea. Koki moja ndogo huku mwisho ndiyo iliyokuwa imeifuga hewa kule juu.

Tulifunga tangi, tukachimba shimo moja tu, kwenye kigingi cha 12. Niliweka msumeno juu ya bomba, na ulipotoboa kwa mara ya kwanza bomba lilipumua, sauti ndefu kama tairi la baiskeli lililochomwa. Mwalimu alipiga hatua mbili nyuma. Tukafunga tii, kiungo cha njia tatu, na koki ndogo inayotazama juu, tukafungua tangi. Koki ilipuliza, ikakohoa, ikatema maji na hewa kwa zamu, kisha maji yakatoka mfululizo. Nikaifunga. Kule chini ndoo ikajaa kwa sekunde 52, yaani lita 23 kwa dakika.

Watu wengi wangeishia hapo, na mimi nilitamani. Lakini 23 siyo 25, na tangi lilikuwa linaniambia kitu kingine: Mwalimu alilijaza kila jioni na asubuhi alilikuta limeshuka kuliko ng'ombe walivyokunywa. Usiku ule tulifunga horini na tukafunga maji yanayoingia tangini. Tukapima kwa fito saa mbili usiku, tukapima tena saa kumi na mbili asubuhi. Sentimita 60 zimeondoka. Kwa tangi lenye kipenyo cha mita 1.8, kila sentimita ni lita 25. Lita 1,500 zilikuwa zimenywewa na ardhi.

Mawe ya chokaa yalitusaidia hapa. Kwenye jiwe la tatu kisigino cha buti kilizama. Tukafukua kwa mikono. Bomba lilikuwa bado ndani ya koplingi, lakini limejivuta nje karibu upana wa vidole vitatu, na maji yanatoka kwa kimya, bila kuruka. Nilipofungua nikakuta mpira wa duara unaozuia maji umejikunja na kukatika kipande chenye umbo la mwezi mchanga. Jiwe la nne hali ileile, ila pale mpira ulikuwa mzima na ulikuwa bado unashikilia kidogo.

Hii haikuwa ya trekta wala ya koplingi. Plastiki hii hujinyoosha na kujikunyata na joto: kwa kila nyuzi 1 ya tofauti, roli la mita 100 hubadilika kwa sentimita 2. Tulililaza likiwa linaunguza mkono, tukaliunga palepale likiwa limenyooka kama uzi wa fundi ujenzi, na usiku likapoa hadi joto la udongo wa Njombe wa mwanzo wa Juni. Hata tofauti ingekuwa nyuzi 25 tu, kila roli lilitaka kufupika kwa nusu mita. Udongo unalishika kiasi, lakini mpasuko mpya bado ni mlegevu. Lilivuta pale palipokuwa dhaifu. Na palikuwa dhaifu kwa sababu ya mkono wangu: ncha nilizikata kwa haraka, mshazari, sikuzichonga pembeni, hivyo ukali wake uliusukuma mpira badala ya kuteleza ndani yake. Yule msaidizi aliyesema "linaunguza" alikuwa amenipa jibu siku tatu kabla ya swali.

Nilimweleza Mwalimu hivyohivyo. Aliniuliza swali moja: "Na kwa nini mlifukia viungo kabla ya kuvijaribu?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. Tulikuwa na njaa na trekta lilikuwa la kukodi.

Viungo vyote 5 tulivirudia alfajiri ya siku iliyofuata, bomba likiwa baridi. Safari hii ncha zilikatwa wima na kuchongwa kwa kisu, zikapakwa maji ya sabuni, mstari wa kalamu ukachorwa kuonyesha ncha inatakiwa kuingia hadi wapi. Ndani ya kila shimo tuliongeza kipande ili bomba lijikunje kama nyoka aliyelala, liwe na pa kujivutia. Mashimo yalibaki wazi siku mbili na maji yakiwa yamejaa. Horini tuliweka koki ya boya ya inchi 1. Ndoo: sekunde 48. Pale kigingi cha 12 tulijengea kisanduku cha matofali chenye kifuniko, na Mwalimu hupitia kila Jumamosi kufungua ile koki kwa sekunde chache. Anasema siku hizi haikohoi.

Dereva alipita wiki iliyofuata kuangalia. Mpasuko ulikuwa mstari mwembamba tu kwenye nyasi, kama mshono wa gunia. Mwalimu alimpa lita mbili za maziwa na hakumwambia alichokuwa amemsema kwangu.

Kitu ambacho bado hakijakaa sawa ni hori. Ni la lita 400, na ng'ombe wa kundi huja pamoja: watano wakizamisha midomo kwa wakati mmoja wanaweza kumaliza lita 100 kwa dakika, wakati bomba linaleta 25. Lita 400 zinawavusha, ila wa mwisho, mtamba mmoja mwekundu mwoga, husubiri hadi wakubwa waondoke na mara nyingi huondoka nao bila kunywa. Na pale mbele ya hori kwato zimekwisha kuchimba tope linalofika kwenye vifundo. Jumatatu tunaleta tripu mbili za kokoto, na hori la pili liko kwa fundi.